Tuta Lililokuwa na Mwenyewe

Jamani, mimi siwezi kukaa na jambo. Mama yangu husema nilitangulia kuzaliwa mdomo, mwili ukafuata baadaye. Hata chuoni Butimba bweni zima lilijua: ukitaka habari ifike, mwambie Wilhelmina, halafu umkataze asiseme. Lakini hili la bustani nimekaa nalo wiki mbili nzima, na leo nalitoa lote.

Nilipangiwa shule Oktoba hii ya tisini na tano, wiki zile za kampeni, magari ya vyama yanapita barabara ya Nyegezi na vipaza sauti mpaka mbuzi wakachoka kukimbia. Shule yetu, ukitoka Mkuyuni unaacha barabara kubwa, unateremka katikati ya mawe, unaikuta imeupa mlima mgongo na uso wake uko ziwani. Nimefika na sanduku langu na viatu vyangu vya mtumba, vyekundu, vya kisigino, najua kabisa nitapewa somo la Kiingereza. Mwalimu mkuu akanitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Mwalimu Wilhelmina, wewe bado kijana. Utachukua darasa la nne B. Na bustani."

"Sawa, mkuu. Bustani ilikuwa ya nani?"

Walimu wote wakainamia madaftari. Mwalimu Roza, mama mmoja wa Kijaluo kutoka Shirati ambaye hajawahi kunyamaza maishani mwake, akavuta chai kwa sauti ndefu kama mtu anayezamisha neno. Ningekuwa na akili ningeuliza tena. Nikasema asante.

Kwa hiyo nikawapanga watoto wangu tukashuka bustanini na majembe. Bustani inaanzia nyuma ya madarasa, inateremka kwa matuta mpaka kwenye ua wa minyaa, na ng'ambo ya ua, hatua kama ishirini, ni ziwa. Ila ziwa lenyewe huwezi kuliona. Magugu maji yalikuwa yameufunika ufuko wote, kijani, yana maua ya zambarau, yanapanda na kushuka polepole kama yanapumua. Unaweza kudhani ni bustani nyingine, kubwa kuliko yetu, isiyohitaji mtu wa kumwagilia.

Kila mtoto alikuwa na tuta lake na kibao chenye jina. Kiangazi kilikuwa kimeyachoma yote, udongo umepasuka, vibao vimelala chali. Tulikuwa tunasubiri mvua za vuli, na kabla hazijafika kazi ni ile ile ya kila mwaka: kufufua matuta, kuweka samadi, kusia mbegu, na kubeba maji. Kwenye mlango wa stoo kulikuwa na sheria za bustani, zimeandikwa kwa chokaa, mwandiko mzuri wa mwalimu wa zamani: JEMBE LIOSHWE. NDOO ILALE KIFUDIFUDI. ASIONDOKE MTU BILA RUHUSA.

Nikakagua mpaka chini. Tuta la mwisho kabisa, lililogusana na minyaa, halikufanana na mengine. Lilikuwa jeusi, laini, limechambuliwa magugu, na lilikuwa limelowa. Halina kibao.

Nikafurahi kama nimeokota kitu. Maana nilikuwa na mtoto mgeni, Jasmin, amehamia kutoka upande wa Musoma siku tatu nyuma yangu, hana tuta wala rafiki. Chuoni tulifundishwa kwamba mtoto mgeni anapewa mahali pazuri ili azoee haraka.

"Jasmin, hili lako."

Watoto wakanyamaza. Mnajua darasa la nne likinyamaza? Hata majembe yalisimama.

"Mwalimu," akasema kiranja wangu, Yeremia, kwa sauti ya chini. "Hilo lina mwenyewe."

"Mwenyewe nani? Kibao chake kiko wapi?"

Mmoja akakwaruza mguu kwa mguu mwingine. Mimi jua limeniwakia, visigino vinazama kwenye udongo, watoto wananitazama kama mjinga, nikapandisha sauti. Nilisema hivi, na maneno haya nayakumbuka kuliko kiapo changu cha ualimu:

"Kama lina mwenyewe, basi aje! Aje achukue ndoo, amwagilie mbele yangu!"

Katikati ya mstari kulikuwa na kasichana kembamba, sare imekatika kifungo cha juu. Kakanitazama. Kakatazama ziwa. Halafu kakasogea hatua moja kulia, kakaacha nafasi, vile unavyompisha mwenzako aliyechelewa gwaride.

Nilihesabu watoto nikapata thelathini na nane. Yeremia akahesabu, akapata thelathini na tisa.

"Hesabu zako mbovu," nikamwambia.

"Ndiyo, mwalimu," akasema, lakini hakuhesabu upya.

Tukasia mchicha na figiri, tukatandaza nyasi juu. Mimi hata mwiko wa kunyamaza wakati wa kusia sikuujua, nikawa naimba nao, nawatania. Nikamuuliza Yeremia kama anampandia mchumba nyanya, darasa likaanguka kwa kicheko. Jioni nikawapanga mstari, nikapiga kofi moja: "Tawanyikeni!" Wakaruka kama panzi. Kale kasichana hakakuondoka. Kalibaki kamesimama mahali pake, na ile nafasi ubavuni.

"Wewe, huna kwenu?"

"Ninako, mwalimu."

"Haya nenda."

"Bado hatujaruhusiwa."

"Si nimewaruhusu sasa hivi?"

Kakaniangalia kwa huruma, kama mimi ndiye mwanafunzi. Nikaona ni utundu, nikaenda zangu. Nilipogeuka kule juu kwenye mawe kalikuwa bado kamesimama.

Ikawa hivyo kila siku.

Asubuhi nikishuka nakuta tuta la Jasmin limelowa. Nikamsifu mbele ya wenzake, nikampa nyota kwenye daftari. Siku ya sita akanivuta sketi.

"Mwalimu, mimi sijawahi kulimwagilia. Nikifika nakuta tayari. Naogopa."

"Unaogopa nini, mama? Kusaidiwa?"

"Mchicha wangu umefika hapa." Akaonyesha goti. Matuta mengine yote yalikuwa na majani mawili mawili tu.

Kesho yake nikaamua kumkamata mtu. Nikaamka kukicha, nikashuka nikiwa peku ili nisisikike. Tuta limeshalowa. Na kwenye vumbi kulikuwa na nyayo, nyayo ndogo za mtoto, zenye maji. Zilitoka ziwani, zikapenya kwenye uwazi wa minyaa, zikazunguka tuta, zikarudi ziwani. Njia ya kutoka shuleni ilikuwa kavu, haijakanyagwa hata na kuku. Udongo ulinuka magugu maji, ile harufu ya kitu kibichi kilichokaa sana.

Sikuogopa, kwa sababu nilishajua ni nani. Watoto walipofika nikakaita kale kasichana.

"Weka mguu hapo."

Kakauweka. Ukaingia kwenye ule unyayo kama kifuniko na sufuria yake.

"Aha! Ni wewe."

"Sio mimi, mwalimu. Sisi tuna mguu mmoja."

"Wewe na nani? Unaitwa nani wewe?"

"Doto."

Mimi ni Msukuma wa Igogo, baba yangu karani wa reli, Kisukuma changu ni cha kuombea maji ya kunywa tu. Lakini hata mimi najua kwamba penye Doto pana Kulwa. Huwezi kuwa pacha wa pili bila wa kwanza. Sikumuuliza neno lingine. Nikapanda mlima mbio mpaka darasani, nikafungua daftari la mahudhurio.

Sasa nisikilizeni. Mimi nikiita majina nasoma haraka, siinui kichwa. Nasikia "nipo" naweka alama, naenda jina la pili. Yalikuwepo, yamefuatana. Kulwa Mhoja. Doto Mhoja. Na mbele ya Kulwa kulikuwa na alama ya kuhudhuria, siku saba, kwa wino wangu wa bluu na mkono wangu mwenyewe. Siku zote saba niliita, na siku zote saba kuna sauti iliniitikia.

Nikaenda ofisini nikamkalia Mwalimu Roza mbele.

"Shikamoo. Kulwa Mhoja ni nani?"

"Marahaba." Akaweka kikombe. "Nilimwambia mkuu akwambie. Akasema, mwache kwanza azoee."

"Nishazoea. Niambie."

Akaniambia. Mwaka jana, Novemba, Mwalimu Malimi ndiye alikuwa na bustani. Mwalimu hodari, bustani yake ilishinda kata nzima, ila mkali wa utaratibu. Siku hiyo walikuwa wamemaliza kumwagilia, watoto wako mstarini wana njaa, akakagua akakuta tuta la mwisho bado kavu. La Kulwa. Akasema, "Kulwa, kimbia, ndoo moja. Hakuna kuruhusiwa mpaka tuta hili lilowe." Mtoto akachukua ndoo yake ya kijani akapita kwenye minyaa. Ukingoni maji yalikuwa ya tope, akaona aende mbele kidogo. Akakanyaga magugu maji akidhani yatambeba.

"Yalifunguka," akasema Roza, "halafu yakafunga. Ndiyo hivyo tu. Doto aliona. Wavuvi walitafuta siku nne, hawakupata mtoto wala ndoo."

"Na jina mbona halikufutwa?"

"Afutwe kwa karatasi gani? Mwili haukuonekana. Mkuu anasubiri barua kutoka juu."

"Na Malimi?"

"Aliacha kazi wiki ile ile. Ananunua sangara mwaloni, kule soko la samaki, siku hizi tajiri." Akanisogelea. "Mina, siku ile wote tulikimbilia ziwani. Wazazi wakaja wakachukua watoto wao mmoja mmoja. Hakuna mtu aliyewaambia watawanyike. Mimi nilikuwepo. Hakuna."

Nikakaa. Nikakumbuka maneno yangu, aje achukue ndoo. Yule mtoto alitumwa na mmoja, na mimi nikaja nikamwita juu ya hapo.

Ningependa kusema nilifanya jambo la maana siku ile. Nilichofanya ni kuacha kuita jina la Kulwa. Nikalipita tu, kama shimo njiani. Nikamhamishia Jasmin kwenye tuta jingine, nikafikiri yatakwisha. Ile nafasi mstarini ikabaki pale pale, na mchicha wa tuta la mwisho ukaendelea kupanda. Doto akaanza kusinzia darasani. Akakonda, macho yakawa makubwa. Jioni hakusimama tena mahali pake. Kila siku alisimama hatua moja chini zaidi. Kwenye minyaa. Ng'ambo ya minyaa. Kwenye mchanga.

Wiki ya pili ya Novemba, saa tisa mchana, jua linapasua mawe, nimeshawaruhusu watoto, niko stoo nahesabu majembe. Nikasikia Jasmin anapiga kelele. Nikatoka mbio, viatu nikaviacha njiani. Doto alikuwa ndani ya maji, yamemfika kiunoni, ameshika ndoo, anaelekea kwenye magugu. Hakuwa anahangaika wala kulia. Alitembea kama mtu aliyetumwa dukani.

Nikaingia na nguo zangu. Nikamshika mkono, ulikuwa baridi, na jua lile lote. Akanivuta. Mtoto wa miaka kumi ananivuta mimi!

"Doto! Unakwenda wapi?"

"Niache mwalimu, anasema maji hayatoshi. Akibeba peke yake hayatoshi. Ulimwambia amwagilie mbele yako, na wewe huji kuangalia."

Nilimbeba mgongoni hadi kwa bibi yake, juu kule kwenye mawe, nguo zinachuruzika, watu wananiona. Bibi Kashindye alikuwa anapepeta mtama. Nikajaribu heshima: "Mwangaluka, mayu." Ilikuwa saa kumi jioni, nimemwamkia salamu ya asubuhi. Hakucheka. Alimpokea mjukuu wake, akamvua, akamfunga kanga, halafu ndiyo akanigeukia.

"Kalibu mwalimu. Nyie mmemwajiri mjukuu wangu mpaka lini?"

"Bibi, Doto nimemtoa majini sasa hivi…"

"Sisemi huyu. Nasema mwenzake. Mlimtuma kazi mwaka jana, hajarudi, hamjamwachia. Mapacha hawapewi tofauti, hukufundishwa? Ukimpa huyu kipande cha muhogo, huyu naye kipande hicho hicho. Ukimchapa huyu, na huyu mguse na fimbo. Sasa mmoja yuko kazini, hajaruhusiwa. Huyu atakaaje nyumbani?" Akapepeta ungo mara mbili, kwa hasira. "Nilikuja kwa mkuu wenu. Akaniambia mambo ya mila tuyaache. Eti anasubiri balua."

"Nifanye nini, bibi?"

"Kazi imalizwe. Aliyemtuma aimalize. Halafu muwaachie. Na wewe mdomo wako nimeusikia tangu uje, unasikika mpaka huku juu. Siku hiyo uushike. Usiwaachie kwa neno moja. Mapacha ukiwaachia pamoja wanaondoka pamoja. Kila mtu kwa jina lake, kwa njia yake."

Malimi nilimkuta kesho yake mwaloni, upande wa Igogo, kati ya wapima samaki na vibarua wa barafu. Saa ya dhahabu, viatu vya ngozi, pikiapu yake imeegeshwa kama ng'ombe wa mahari. Wamama wamekaa pembeni wanasubiri mapanki, vichwa na mifupa ya sangara, maana minofu yote inapanda ndege.

"Mwalimu Malimi, shikamoo."

"Marahaba. Usiniite mwalimu, ualimu niliuacha na chaki zake." Akacheka. "Umekuja kununua au kuuza, dada mwenye viatu vyekundu?"

"Nimekuja kukuomba uje Ijumaa uwaruhusu watoto."

"Watoto gani?"

"Wawili. Mmoja hajarudi na ndoo."

Kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo. Hakunifukuza. Aliniongoza mpaka kwenye mzani wake, ule wa kuning'inia wenye sura kama saa, ndoana yake tupu.

"Soma."

Mshale ulikuwa umekaa kwenye kumi.

"Kila asubuhi naurudisha kwenye sifuri," akasema. "Fundi amebadilisha springi mara mbili. Nimenunua mwingine mpya kabisa. Nikiutundika tu, kumi. Ndoo ya mtoto inachukua lita ngapi, mwalimu?"

Nikautazama tena ule mshale.

"Siji," akasema. "Siwezi kusimama pale. Fanya wewe, wewe ndiye mwalimu wao."

"Mimi sikumtuma."

"Siji!"

Mimi, mwenye maneno ya kugawa sokoni, nilikuwa na moja tu. "Basi usije. Ila jana Doto yalimfika kiunoni. Ijumaa yatafika kifuani." Nikaondoka.

Ijumaa Bibi Kashindye alimleta Doto mwenyewe, amemshika kifundo cha mkono. Nikawapanga watoto bustanini. Doto akasimama, nafasi ubavuni. Magugu maji yalikuwa yamesogea usiku, yamefika ukingoni kabisa, na hewa haikuwa na upepo, lakini yalikuwa yanapumua. Saa tisa. Saa tisa na nusu. Vidole vya Doto vikaanza kujichomoa mkononi mwa bibi yake, kimoja kimoja.

"Bibi, ananiita."

"Najua. Subili."

Pikiapu ikasimama kule juu. Malimi akateremka katikati ya matuta, hatazami kushoto wala kulia, shati jeupe limemganda mgongoni. Akasimama mbele ya mstari wake wa zamani. Watoto wakamwamkia kwa pamoja, "Shikamoo mwalimu," kama vile hakuwahi kuondoka. Akafungua mdomo kusema neno lile moja, tawanyika, na halikutoka. Akajaribu tena. Akatazama tuta la mwisho.

Lilikuwa kavu. Asubuhi nililiona limelowa kwa macho yangu. Saa ile lilikuwa jeupe, limepasuka, mchicha umeinama.

Akamnyang'anya Yeremia ndoo. Akapita kwenye minyaa na viatu vyake vya ngozi, akaingia majini na suruali yake, akaifukua nafasi kwenye magugu kwa mikono, akachota. Akarudi, akamwaga. Udongo ukayanywa yote, hata tone halikubaki juu. Akaenda tena. Ndoo ya pili, ya tatu. Ndoo ya tano alikuwa analia kwa sauti kama mtu aliyeko msibani, na hakuna mtoto aliyecheka. Ndoo ya saba maji yakatulia juu ya tuta, yakang'aa, yakaanza kuzama taratibu kama maji ya kawaida.

"Limelowa," akasema. "Kulwa. Tuta lako limelowa. Umemaliza kazi."

Jasmin, ambaye hakuna aliyemwambia kitu, akapiga magoti akang'oa ule mchicha. Akaugawa mafungu mawili. Akayaangalia, akatoa shina moja huku akaweka kule, mpaka yakalingana. Moja akampa Doto. Jingine akamletea Malimi, naye akaingia nalo majini akaliweka juu ya magugu.

Ilikuwa zamu yangu. Nikawaita mmoja mmoja, kila mtoto kwa jina na kwake. Yeremia, nenda kwenu Mkuyuni. Jasmin, nenda kwa mama yako. Wakaondoka wakitembea, siyo kukimbia. Mstari ukaisha, akabaki Doto na ile nafasi.

Kulwa ni mkubwa, anatangulia.

"Kulwa Mhoja," nikasema. "Umeruhusiwa. Nenda kwako."

Magugu yakapasuka mstari mwembamba, kutoka ukingoni kwenda ndani, bila sauti, kama kitambaa kinachokatwa. Lile fungu la mchicha nalo likaondoka. Doto akanyanyua mguu. Ule mguu mmoja, hewani, umeelekea ziwani. Bibi Kashindye akamwachia mkono kabisa. Nilitaka kupiga kelele nimkamate, na yule bibi akanikata jicho moja tu. Nikameza.

Nikasubiri mpaka mstari ule majini ufunge wote. Ndipo nikasema, "Doto Mhoja. Umeruhusiwa. Nenda nyumbani kwa bibi yako."

Mguu ukashuka. Akageuka. Akampa bibi yake mchicha ambebee, akasema, "Nina njaa," wakapanda mlima.

Jumatatu nilishuka kukicha. Tuta la mwisho lilikuwa kavu, la kawaida, lina mdudu mmoja anatembea juu yake. Hakuna nyayo. Gwaride lilipokwisha Doto hakuwepo, nikageuka kutazama ziwa. Kisha nikamwona anateremka mbio kwenye mawe, amechelewa, hajachana nywele, ana uji mdomoni. Nikamgombeza mbele ya shule nzima kwa furaha. Kwenye daftari nikachukua kalamu nyekundu nikaandika mbele ya jina la mwenzake: ameruhusiwa. Mkuu akitaka barua yake asubiri.

Saa ya bustani Yeremia akafungua stoo, halafu akasimama mlangoni asiingie. Nikampita. Ndoo zilikuwa zimepangwa ukutani kama siku zote, za bati, za bluu, nyekundu. Mwisho wa mstari kulikuwa na moja ya kijani, ambayo sikuwahi kuiona. Ilikuwa imeoshwa safi. Imelala kifudifudi.

Doto akachungulia chini ya mkono wangu. Akaitazama, akatazama ile chokaa mlangoni, akaenda kuchukua jembe lake.

Siku hiyo, mimi Wilhelmina, sikumwambia mtu.